Mshiko wa Mharuma

Nilipanda ngazi kutengeneza kiyoyozi.
Wadi Kabir, juu ya duka la matairi,
Agosti, ukuta unatoka jasho kama mtu.
Nikamkuta Mjapani kalala chali,
kijana wa kilo tisini juu yake,
na anayehema ni yule wa juu.

Nikaweka begi la spana chini.
Miaka sita sasa. Kiyoyozi bado kinavuja.

Bwana Nishiwaki alikuja kufunga pampu
za kusafisha maji ya bahari kule Barka.
Mkataba ukaisha, goti likaisha,
yeye hakuisha.
Kusimama kwake ni kwa hesabu: mkono ukutani, pumzi, mguu.
Lakini mlaze!
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
huyu kahamia mvunguni na vyombo vyake.

Vijana wanakuja na fulana za Abu Dhabi,
mikanda ya buluu, Kireno mdomoni
(Kireno kimerudi Maskati, safari hii bila mizinga).
Yaarub, mwana wa Hamdun wa betri,
aliniapia kwamba mieleka ya chini
ilizaliwa Brazil, ufukweni, juani.
"Judo ni kurushana tu. Ukianguka, basi."

Mzee hakubisha. Alimwita kwa kidole.

Ngwala sikuiona. Niliona nyayo za Yaarub
zikitazama taa.
Kisha ubavu wa mzee ukakaa kifuani pake,
mkono ukazunguka shingo, kwapa likameza kiwiko,
na kijana akahangaika kama gari mchangani:
kila akikanyaga mafuta, anazama.
Akapiga mkeka. Mara mbili, kwa adabu.

"Hii kwetu," mzee akasema kwa Kiarabu chake cha karakana,
"ni joho la mtawa, lile linalopita begani."
Neno likamkimbia. Akanitazama kichwani.
"Hiyo."
Mharuma wangu.
Basi hapa kwetu ni mshiko wa mharuma,
na hakuna aliyetudai leseni.

Jioni ile, chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi,
alitusimulia shule za kwao za zamani
ambako wanafunzi walivutana chini hadi masikio yakavimba;
na mabwana waliopanda meli, nguo nyeupe ndani ya sanduku,
wakapigana kwenye kumbi za sarakasi kwa nauli ya mbele,
wakashuka Brazil, wakafundisha.
Waliofundishwa wakafundisha.
Kila bandari jina likapinda kidogo.
"Na lile kufuli la bega mnalolipenda,
mnalitaja kama spea ya gari.
Ni jina la mtu. Alikuwa na mama."

Yaarub akatazama kikombe.

Mimi nilimfikiria wangu, Bi Zuwena,
aliyerudi Maskati mwaka wa sabini na nne
na mbuzi ya kukunia nazi katikati ya nguo,
na shangazi wa baba yake, mlangoni,
akamuuliza kwa Kiarabu: wewe wa watu gani?
Mama akajibu. Kwa makosa mawili ya sarufi.
Mbuzi ile ipo jikoni hadi leo, Al Khoudh, ina meno yote.

Sikuwaambia. Chai ilikuwa inapoa.

Na somo la kwanza, wallahi, ni lile lile bado:
kupiga mkeka kwa kiganja
kabla mkeka haujakupiga.
Kuteleza si kuanguka, walitulea hivyo.
Mzee anasema kuanguka nako si kuanguka,
ni kazi ndiyo kwanza inaanza.

Alhamisi goti lilizigomea ngazi.
Yaarub akainama, akampakia mgongoni,
ngazi kumi na tisa, harufu ya mpira mpya,
wauza matairi wamesimama kutupisha,
na mzee, kidevu begani mwa kijana,
anamsahihisha njia nzima:
kiwiko ndani.
Ndani.
Kiwiko ndani, mwanangu.