Bafta ya Mkopo

Walikuja baada ya Isha, watatu,
Shaame wa Bikombo mbele, mikono nyuma
kama aliyekuja kuposa.
"Bi Mwanamkuu, tunaazima bafta."
Nikauliza nani kafa.
"Hajafa mtu. Tunataka kuonyesha sinema."

Bafta yangu ni ya sanda, Wete nzima yajua.
Jora liko rafu ya juu, mbali na mende,
na mkasi wake haukati nguo nyengine.
Nikawapa dhiraa kumi na mbili kwa masharti:
alfajiri irudi, bila doa, bila tundu la msumari.
Hapa watu hawafi kwa miadi.

Ghala la karafuu, lile bovu nyuma ya bandari,
bado linanuka mavuno ya watu waliokwisha sahauliwa.
Tulikaa juu ya majamvi ya kuanikia,
kumi na saba, pamoja na mbuzi.
Nilitaraji Wahindi wacheze mvuani
kama picha za ujana wangu.
Hakuna Mhindi. Hakuna mtu.
Ukanda waliuokota chumba cha mashine
cha sinema iliyofungwa, umeliwa na ukungu,
na pale ukungu ulipobakisha
Raya amekwaruza kwa sindano, picha moja moja, miezi minane.
Sindano namba tisa. Kwangu alizinunua.
Nami nikidhani anashona kofia ya mchumba.

Basi juu ya bafta yangu zikapita
nyuzi za weupe, madoa ya kutu,
kitu kama mvua, kitu kama mishipa ya jani,
mara jicho, nusu yake,
likaungua.

Na muziki! Faki kafungua friza mbovu ya samaki
akaitia waya mgongoni, inanguruma na kukohoa.
Mwengine anagonga kwa kijiko mizani ya karafuu.
Mizani ya karafuu naisikia,
mizani ya shairi, wapi!
Mimi nimelelewa na vina, baba akivihesabu vidoleni
hata akiwa na homa. Nikajikuta natunga,
kimoyomoyo, kujihami:

Nalitafuta kituo, hakuna pa kutulia,
kama mtoto na chuo, hajui pa kuanzia,
sauti isiyo nguo, uchi ikatujilia,
mshonaji nashangaa, wapi nitaishikia?

Sheha akaja na tochi.
Kibali kipo? Nani mkubwa wenu?
Kisha, sauti ya chini: "Na hii maana yake nini?"
Shaame akasema hajui.

Hilo ndilo lililonishika.
Wete hii, ambapo kila mtu ana maana ya kila kitu,
hata ya mjusi kuanguka,
kijana kasimama mbele ya serikali akasema sijui
wala hakuona haya.
Sheha alizima tochi. Labda kwa hasira,
labda ili aone vizuri.
Umeme ukakatika kabla hajaamua.
Friza ikatetemeka mara ya mwisho.
Ilibaki mizani tu, kizani,
ti,
kimya,
ti.

Alfajiri bafta ilirudi, imekunjwa vibaya.
Nikaikagua mlangoni kwa mwanga wa jua, dhiraa kwa dhiraa,
nikilitafuta lile jicho.
Nyeupe pe.

Saa nne wakaja wa Jadida: Bi Time Haroub kafariki.
Sinema hakuwahi kuingia maisha yake.
Mumewe akisema ni nyumba ya kiza,
naye akipita nje, akipunguza mwendo.
Jora jipya lilikuwepo rafuni.
Mkono wangu ulikwenda kwenye hii.
Nikakata. Mkasi haukusema kitu.

Sijamwambia mtu. Juzi Raya alipokuja
kununua sindano namba tisa, pakiti mbili,
nilimuuliza tu kama ukungu unauma vidole.
Akacheka.
Nikamzidishia moja.