Nyuzi Mbili

Nimeitwa Nyali kubandika vioo.
Kumi na vinne, kila kimoja kimo cha mtu na nusu,
unene milimita sita, kingo zimesagwa.
Nina Kadenge, nina tepu, nina gundi,
na viatu tumevuliwa mlangoni
kwa sababu sakafu ni ya mvule
na mvule, asema msimamizi, unapumua.

Joto la Mombasa limebaki nje na bawabu.
Humu hewa ina mchaichai wa chupa,
taa zimejificha darini kama zina haya,
na vyuma vimepangwa kwa ukubwa, kimya,
kama watoto wa chuoni wakingoja bakora.
Watu hukimbia wasifike.
Bwana mmoja, kitambi kimemtangulia,
amaliza kilomita ya tano papo hapo,
ayatazama maji ya Tudor, hayamsogelei.

"Viinamishe," asema Bi Shamsa.
"Chini vije mbele kidogo. Nyuzi mbili tu.
Mtu akijiona kapungua, hulipa mwezi wa pili."
Kioo hakisemi uongo, husema watu.
Watu hawajashika pima maji.

Adhuhuri natafuta pa kutawadha,
nakata kona ya bafu la mvuke,
naukuta mlango.

Mlango wetu. Wa Kibokoni.
Umetundikwa ukutani, hauelekei popote,
taa ya manjano inaulamba kutoka chini.
Misumari ya shaba yote ipo
ila ule wa nne, mkono wa kushoto,
nilioung'oa mimi, nikauza kwa kilo,
nikala mabuyu, nikala na fimbo.
Hata ule mfuo wa mnyororo
uliochimbwa na shangazi Rukiya
kwa miaka thelathini ya kufunga kabla ya Isha
umepakwa vanishi, unang'aa.

Tuliuuza mwaka wa kesi ya mirathi.
Dalali alisema unakwenda Ulaya.
Umevuka daraja tu.

Nikagonga kwa kifundo, polepole.
Nyuma yake saruji.
Hodi yangu ikanirudia mkononi.

"Samahani," sauti nyuma yangu,
msichana, chupa ya maji, simu imeinuliwa,
"sogea kidogo, unaingia kwenye picha."
Nikasogea.
Akatabasamu na mlango wetu, mara tatu,
mara ya nne akauegemea.
Mlango ukamstahimili, kama ulivyotustahimili sisi.

Vioo kumi na vitatu nimeviinamisha kama nilivyoagizwa.
Wapungue wanaotaka kupungua,
pesa ni yao na miili ni yao.
Cha mwisho ni kile cha ujiani,
kinachotazamana na mlango.
Nimekipima mara moja, nimekipima tena,
tone la hewa limetulia katikati ya mistari,
wima.

Kadenge akauliza, "Na hiki je?"
Nikamwambia anipe gundi.