Mkono Mwekundu

Miaka kumi na tisa nimesimama katika chumba hiki,
Madrid, ghorofa ya chini, mbali na madirisha,
nikilinda msiba wa watu wasionijua.
Wageni huja, hutazama machozi,
hupiga picha, huuliza choo kiko wapi.
Mimi machozi nimeyazoea.
Mimi natazama nguo.

Yule mwanamke wa pembeni, kulia,
aliyejipinda kwa kilio kama shuka linalokamuliwa:
gauni lake rangi ya zabibu mbivu,
lakini mikono,
mikono ni myekundu, ya kitambaa kingine kabisa,
na hapo begani, ukisogea kuliko ruhusa,
kuna pini.
Pini moja, jamani.
Kichwa chake hakifiki punje ya ufuta, na kinang'aa.

Ilinichukua miaka minne kuiona pini hiyo
na usiku mmoja kuielewa.
Mkono ulikuwa wa kubandua!
Gauni moja, mikono ya kubadili,
huu wa kazi, ule wa Jumapili,
maana sabuni ina gharama
na kwapa halina adabu.
Mama yangu Casilda, fundi wa Vallecas,
alivaa hivyo hivyo na hakuna aliyemchora:
kosi jipya juu ya gauni kuukuu,
huku bitana za wenye pesa
akizishona hadi usiku wa manane, uzi menoni.

Basi nikaenda dukani kwa Don Evelio,
nikamwambia nataka nyekundu.
Akacheka. "Nyekundu ninazo ishirini na sita.
Ya upanga wa jogoo? Ya divai? Ya aibu?"
Nikasema: ya mtu anayelia
lakini amevaa vizuri.
Akanyamaza, akapanda ngazi.

Nilikata kwenye meza ya jikoni, bakuli za supu zimeondolewa juzijuzi tu.
Chaki, mkasi, bandi ndefundefu,
cherehani ya mama ikikohoa kila ifikapo kwenye kona.
Nikavaa mbele ya kioo cha kabati.
Nyanya!
Nyanya tupu, nyanya ya kachumbari
chini ya taa ya jikoni.
Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako
hawakukosea,
na mimi nimeazima kwa mtu aliyekufa karne sita zilizopita,
asiyeweza hata kuja kudai.
Nusura niikate iwe matambara ya kufutia vumbi.

Siku yangu ya mapumziko nilirudi,
kwa mlango wa wageni, nikapanga foleni juani, Julai,
gauni la kijivu la kila siku,
mikono miwili myekundu, pini nne,
viatu vilevile vya kazini; miguu yangu haijui fasheni.
Nilipofika ndani nikainua mkono kujifuta jasho
na pale, kwenye kiwiko,
ndani ya mkunjo, kitambaa kinapojificha,
nikaiona nyekundu yake.
Si yote. Upana wa vidole viwili.
Kumbe haikuwamo katika zile ishirini na sita.
Ilikuwa kivulini, ikingoja mtu akunje mkono.

Nikasogea, kiwiko kimekunjwa vilevile,
kama aliyevunjika, nipate kulinganisha.

"Rudi nyuma, mama,"
akasema kijana aliyeshika zamu yangu,
Baldomero, wiki ya pili kazini;
bila sare hakunijua.
"Mstari uko hapo chini."
Nikarudi. Sentensi hiyo nimeisema mara elfu,
sikuwahi kujua inavyosikika upande huu.

Akanitazama mimi. Akatazama ukutani.
Akanitazama tena, begani,
akainama, akaja karibu kuliko ruhusa.
"Hiyo," akauliza,
"ni pini?"