Zamu ya Nyeupe

Mita arobaini juu ya gati la Gdynia,
ndani ya kibanda cha vioo cha kreni,
nangoja lori ambalo halijafika.
Theluji haianguki huku juu, inapita tu, kana kwamba ina safari.
Navua glavu ya kulia, hiyo moja,
na fumbo la leo linafunguka kwa kidole kilichokufa ganzi.

Zamu ya nyeupe. Zishinde kwa hatua tatu.

Siku ya kwanza sikujua farasi anavyokwenda.
Nilimsukuma mbele kama tramu;
simu ikatetemeka, ikanipaka wekundu.
Siku ya tisa nilijua kuwa anaruka na kukata kona.
Siku ya mia na kumi na mbili,
nikishusha kontena la bluu juu ya jekundu,
nikajikuta nauliza:
likikaa hapa, nani kafungiwa chini?

Nimemtoa malkia kafara
mara nyingi kuliko nilivyompigia mama simu.

Basi nikajiona fundi.
Alhamisi nikapanda ngazi za klabu, juu ya duka la viatu,
palipo na harufu ya chai kali na soksi zilizolowa.
Bwana Zenon, mchomeleaji vyuma mstaafu,
nyusi zake zilibabuliwa na cheche zikakataa kurudi,
alipanga kete moja moja,
farasi wake wote wawili wakitazama dirishani.

Nikacheza. Nikangoja.
Hapakuwa na maandishi juu ya ubao.
Nikatoa ngome, nikatoa askofu,
nikipapasa mlango kwenye ukuta
uliokuwa ukuta tu.
Zenon alikula vyote bila haraka,
kama mtu anayekula samaki wa miiba mingi.
Kisha akasema, "Tena?"
Na tena akanila.

Kwenye basi la usiku sikuigusa simu.
Kumbe fumbo huja na siri yake limeshaitoa:
kwamba jibu lipo.
Hilo ndilo nililolipwa kila siku, nikadhani ni akili yangu.

Miaka mitatu niliishi na Witold
katika nyumba ya jiko moja na kimya cha watu wawili,
na hakuna aliyeandika juu ya mlango:
Zamu ya Dobrawa. Ashinde.
Nilidhani mchezo umesimama.
Saa ilikuwa inakwenda, upande wangu.

Leo nimemtazama malkia, nikamwacha alipo.
Nimetazama ngome. Nimewaza shaha, nimewaza kula.
Halafu, pembeni, kitunda ambacho hakuna anayekipigia hesabu:
nyumba moja mbele. Hakili kitu. Hakitishi mtu.
Adui ana nafasi ya kwenda popote,
na popote ni pabaya.

Honi chini. Lori limefika.
Nimevaa glavu kabla sijagusa kioo;
fumbo litakaa, au litanipita usiku wa manane
na ile safu yangu ya siku ikatike.

Alhamisi si mbali.
Nimenunua chai ya kupeleka.