Tisa kwa Kumi

Mama Nsimire ananipigia kabla ya kengele ya misa:
"Zihindula, ile taa ya kolidoo imeanza tena.
Nabonyeza, inanyamaza. Nalala, inawaka.
Hii taa iko na roho yake."

Nashuka Muhumba na mkoba begani,
tope la jana bado bichi, ziwa halijaamka.

Mugisho, mwanawe, alituma katoni moja kutoka Liège:
visanduku vyeupe kumi na viwili, kila kimoja na namba yake,
na karatasi ya maelezo kwa Kiholanzi
ambayo sisi wawili tuliisoma kwa picha.
Hakuna waya mpya, hakuna kutoboa ukuta.
Amri inapita katika waya uleule wa umeme,
uliovutwa siku baba mkwe alipojenga,
shaba iliyovikwa kitambaa,
inayopasha pasi, inayogandisha samaki,
na sasa inatakiwa kubeba na maneno.

Maneno yenyewe ni membamba.
Umeme wa Ruzizi unapanda, unashuka,
na kila unapopita sifuri, mara mia kwa sekunde,
unaacha upenyo wa ukimya.
Hapo ndipo kisanduku kinapenyeza: nane, nane, washa.
Nani atasikia mnong'ono
katika nyumba ambayo hata friji inasaga meno?

Naanza na konteri.
Fazi tatu zinaingia. Swichi iko kwenye ya kwanza,
taa iko kwenye ya tatu:
majirani wa ukuta mmoja wasiosalimiana.
Naweka kapasita kati yao, iwe mshenga.
Najaribu mara kumi.
Nne.

"Nne si mbaya," anasema.
"Nne ni ya mtoto wa kurudia darasa, Mama."

Basi, chomoa.
Televisheni, chomoa. Friji (ananitazama, kuna nyama ndani)
chomoa. Stabilizeta, ile nzito yenye kunguruma, chomoa.
Nyumba inaisha sauti
hadi nasikia kuku wa jirani wakigombea kitu.
Najaribu: kumi kwa kumi.
Mwizi yumo humu humu, basi. Amevaa plagi.

Nawarudisha mmoja mmoja.
Friji: kumi. Televisheni: kumi.
Stabilizeta, niliyoishuku tangu mlangoni: kumi.
Naiomba radhi kimoyomoyo.
Zimebaki prizi za chumbani.
"Huko hakuna kitu," anasema,
haraka mno.

Nyuma ya kitanda, usawa wa mto,
chaja nyeusi ya soko la Kadutu,
ina joto la yai lililotagwa sasa hivi.
Naichomeka: mbili kwa kumi.
Ndiyo hii. Inapiga kelele wayani usiku kucha,
kelele isiyo ya masikio,
na kila mnong'ono unazama humo.

"Hiyo siichomoi.
Mugisho anapiga saa nane za usiku, akitoka kazini.
Akikuta simu imezima, atafikiri nini?"

Nimechuchumaa, plagi mkononi.
Mwana ametuma taa, mama asijikwae.
Mama amekesha na chaja, asikose sauti.
Wamekutana kwenye waya mmoja
na hakuna aliyempisha mwenzake.

Mkobani nina chujio moja tu,
nililolitoa kwenye printa mbovu ya parokia.
Nilikuwa nimeliwekea kazi nyumbani kwangu.
Nalipachika kati ya chaja na prizi.
Tisa.

Anapiga kofi moja, anaenda kuweka chai.
Akirudi, anawasha kolidoo, anazima, anawasha,
hana anachokitafuta huko.
Amenilipa, na ndizi juu yake.

Mimi nimesimama barazani na daftari,
naitazama ile ya kumi.
Fazi zilikuwa zimeshonwa, chaja imechujwa,
kisanduku kilisema washa,
taa haikusikia.

Kesho nitapita kwa jirani wa chini,
mwenye mashine ya kuchomelea.
Simshtaki.
Nataka tu aniambie alikuwa akiunga nini
saa nne na dakika sita.