Kaa

Watu wakiulizwa wanakaa wapi, wanataja mtaa.
Mimi nilitaja dakika.
Nakaa nne kwenye kiti cha mbao,
saba kwenye mto wenye tundu katikati,
na kwenye basi la Kutaisi kwenda Zestaponi sikai kabisa:
nashika bomba, najifanya napenda kutazama milima.

Nilianguka Februari, ngazi za stesheni,
barafu nyembamba kama ute wa yai.
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Miezi kumi na minne baadaye
kaa la moto lingali chini ya nyonga ya kushoto.
Nikisimama linalala. Nikikaa, kaa linaamka.

Picha zikatoka safi. Daktari wa kwanza
akasema mifupa haina neno.
Wa pili akasema nipunguze unene.
Wa tatu akauliza kama nina mume.

Ndipo Badri, mwenye viganja vya mkanda unga,
akanilaza kifudifudi, akapapasa kwa dole gumba
polepole, kama mtu atafutaye swichi gizani.
"Hapa?"
Nikauma shuka.
"Kano," akasema. "Ilichanika, ikapona vibaya, imelegea.
Picha yao huona mawe. Kamba haizioni."
Nikalia, na si kwa maumivu.
Kitu changu kilikuwa kimepata jina.

Sindano sita, moja kila baada ya wiki tatu,
maji ya sukari, ati, ya kuichokoza kano
ikasirike, ijisuke upya.
Sukari! Siku mbili baada ya kila sindano
natembea kama bata aliyeshiba.
Na mazoezi: kulala chali, kuinua kiuno,
kuhesabu hadi thelathini huku paka ananishangaa.
Na mkanda wa nyonga, ambao niliufumua nikaushona tena,
maana mshono wa kiwandani ulikuwa aibu kwa fundi.
Cherehani nimeipandisha juu ya makasha mawili ya mvinyo;
nashona wima, kama askari wa zamu.

Harusi ya kaka yangu Vazha, meza ndefu kama reli.
Dakika ya tano nikainuka, sikuweza zaidi.
Ukumbi ukanyamaza.
Wakadhani nataka kuwakumbuka marehemu.
Viti vikakwaruza, wanaume mia wakasimama, glasi mkononi,
wakinisubiri.
Ningesema nini?
"Kwa waliosimama," nikasema.
Wakanywa mpaka tone la mwisho.
Shangazi Nazibrola akafuta machozi, hadi leo sijamwambia.

Jana nimeshona mkono mzima wa koti nikiwa nimekaa,
kutoka bega hadi kifundo. Dakika kumi na tisa.
Nikaziandika ukutani kwa chaki ya kukatia vitambaa.
Leo ni kumi na moja.
Nazo nimeziandika.
Kaa lipo. Nadhani limeanza kushika jivu.