Kabla Hujapanda Ngazi

Geum-ok, kliniki iko ghorofa ya pili,
juu ya duka la miwani, hapa mtaa wa dawa, Daegu.
Usihangaike na kibao. Fuata harufu:
mizizi yachemka chunguni tangu alfajiri,
michungu kama yale tuliyoambiana mahakamani.

Viatu utavivua mlangoni.
Utapewa kandambili za waridi zisizomwenea yeyote.
Sakafu ina moto chini yake. Soksi ikiwa na tundu,
iache; yangu ilikuwa nalo,
na binti wa mapokezi, Ha-rim,
aliniletea chai ya shayiri bila kutazama chini.

Kisha fomu, kurasa nne.
Walala saa ngapi, waota nini,
choo kigumu au laini,
jasho la usiku hukutoka wapi.
Jibu yote. Usiandike "sijambo".
Sisi wa viwandani tulizoea kusema sijambo
hata mtambo wa kufuma ukitutafuna kidole.
Mficha maradhi, wajua mwenyewe mwisho wake.
Mama naye alikuwa hajambo
mpaka Jumanne ile.

Daktari Pyo ni kijana kuliko unavyodhani,
ana kovu kidevuni, na besiboli haimtoki mdomoni.
Atakuomba ulimi. Utoe wote, usione haya;
atausoma kama tulivyokuwa tukisoma jora
kutafuta uzi uliokatika.
Halafu ataweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wako
na kunyamaza.
Atanyamaza mno.
Utasikia saa ya ukutani,
utasikia mzee nyuma ya pazia akikoroma
na sindano kumi na moja mgongoni.
Usimsemeshe daktari. Anasikiliza.

Kuhusu sindano:
isahau ile ya chanjo, iliyokukimbiza ukajifungia chooni
nami nikasimama nje nikikudanganya kwamba muuguzi ameondoka.
Hizi ni nyembamba kama unywele,
hufunguliwa mbele yako, zikishatumika hutupwa.
Ikiingia si mchomo unaousikia, ni uzito,
kama mtu amebisha hodi mfupani
na wewe umo ndani,
hujaamua kufungua.

Bega ndilo bovu, lakini ataanza na mguu.
Nami niliuliza.
Akasema, kwani kwako swichi iko juu ya taa?

Huenda ukalia.
Mimi nililia ilipoingia ya tano,
kati ya gumba na kidole cha shahada,
nikasema ni vumbi,
katika chumba kinachopigwa deki mara tatu kwa siku.

Wakikubandika vikombe mgongoni
utarudi nyumbani na duara saba za zambarau.
Mumeo akiuliza nani kakuumiza,
mwambie umepigwa chuku.
Ila wenzetu waliobaki kiwandani
ukiwasimulia, wewe usiwapigie chuku.

Sitakuambia utapona.
Mkono wangu sasa wafika kwenye kabati la vikombe;
rafu ya juu, bado.
Hiyo ndiyo habari yote, baada ya safari tisa.
Na usiku nalala.

Kula kitu kabla ya kuja, tumbo tupu huleta kizunguzungu.
Siku hiyo soju iache, na maji baridi yaache.
Vaa suruali inayopandika mpaka gotini.

Nimekuwekea miadi Alhamisi, saa nne asubuhi.
Nimeshalipa. Fedha usirudishe,
na habari ya nyumba tusiiguse.
Nitakuwa kwenye benchi la dirishani
nikupakatie koti,
nimevaa soksi ileile.

Miaka sita sijaushika mkono wako.
Daktari atatangulia.